Mtu wa Boda Hanyongi Pedali: Mavazi ya Baiskeli Katika Baridi ya Nairobi

Dada mmoja anayetaka kuanza kwenda kazini kwa baiskeli ameniandikia akiuliza anunue koti gani la mvua kabla Julai haijaingia. Dukani walimwonyesha lile koti zito la plastiki la watu wa bodaboda, wakamhakikishia kwamba halipitishi hata tone. Ni kweli, halipitishi. Lakini jasho nalo halitoki.

Mtu wa boda ameketi, kazi inafanywa na injini. Wewe unanyonga, na mwili unaonyonga hutoa jasho hata kama vidole vimekufa ganzi. Ndani ya koti lile jasho halina pa kwenda. Ukimaliza mlima umelowa chapachapa bila kunyeshewa, kisha mteremko unakuja na upepo wake. Hapo ndipo wengi hutetemeka mpaka wakaamua kuiuza baiskeli.

Mimi nakaa Ngong na kazi yangu iko Upper Hill. Ngong iko juu kuliko mjini, kwa hiyo asubuhi nashuka na jioni napanda, na kila safari ina mavazi yake. Julai alfajiri kuna ukungu na manyunyu, baridi karibu nyuzi 11, nami nateremka kuelekea Karen kabla damu haijachemka. Adui wa saa hiyo ni upepo. Jioni, kuanzia Dagoretti Corner kurudi nyumbani, adui ni jasho, hata mvua ikimwagika. Ndiyo maana nikamjibu dada yangu: kabla hujauliza koti, angalia njia yako inapanda wapi na inashuka wapi.

Miaka yangu ya kwanza mkubwa mmoja kazini aliniuliza mbele ya wageni kama nimekuja kufanya kazi au kupiga deki, kwa sababu suruali yangu ilikuwa ikichuruzika sakafuni. Wageni wakacheka. Sijasahau kicheko kile. Kiliniuma hasa kwa kuwa hakuna aliyewahi kucheka mtu aliyeshuka garini akiwa amelowa. Tangu hapo nilianza kuzisoma nguo kwa bidii, na masika haya yaliyopita nimeingia kazini mkavu kila asubuhi. Najivunia hilo, na nalisema bila haya.

Anza na nguo inayogusa ngozi. Fulana ya pamba iache nyumbani, maana pamba hunywa maji na kuyashika, nayo maji hunyonya joto la mwili. Tafuta sufu nyembamba, au poliesta ya michezo. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi yamejaa sweta za sufu nyepesi ambazo watu huzipita wakikimbilia majaketi makubwa. Soma lebo ya ndani. Sufu ikilowa bado hukupa joto, na haishiki harufu upesi, jambo la maana kama kazini kwenu hakuna bafu.

Juu yake vaa jaketi jepesi. Liweke mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikitokea upande wa pili, upepo wa Karen utapita vilevile. Dondosha maji kidogo juu yake uone kama yanaviringika au yanazama. Geuza ndani uangalie kama mishono imebandikwa utepe, kwa kuwa maji hupenda kuingilia kwenye mishono. Zipu za makwapani ni bora kuliko mifuko kumi. Mgongoni liwe refu, maana ukiinama huwa linapanda. Kofia ya jaketi sipendi. Ukigeuka kutazama matatu inayokuja nyuma, unaona kitambaa tu. Helmeti yenye kofia nyembamba chini yake inatosha.

Ukitoka nyumbani, uhisi baridi kidogo. Ukiwa na joto la kupendeza getini, utakuwa unachemka kabla hujafika mbali.

Suruali ya jinzi usiivae kabisa. Ikilowa ni nzito na haikauki mpaka jioni. Mimi huvaa kaptura, miguu naifuta kwa taulo, suruali ya kazi iko kwenye begi. Na tafadhali funga madigadi. Maji mengi yanayokulowesha hayatoki juu, yanarushwa na magurudumu yako mwenyewe.

Halafu rangi. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na mvua hulitanguliza giza. Ndugu zangu, acheni majaketi meusi! Njano kali husaidia mchana, lakini usiku kinachomulika ni utepe wa reflekta unaopigwa na taa za gari. Ufunge hata kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu hupanda na kushuka unaponyonga na dereva anatambua mara moja kwamba huyo ni mtu. Mtu akikwambia unaonekana kama mfanyakazi wa barabara, mwache aseme. Una watoto wanaokungoja.

Miguu ndiyo ngumu zaidi. Zamani tulivalia mifuko ya plastiki juu ya soksi, lakini tangu marufuku ya Agosti 2017 mifuko ile haipo. Soksi za sufu ndizo zimenifaa, pamoja na jozi ya pili kavu begini. Viatu vikilowa, vijaze karatasi za gazeti ukifika, uzibadilishe saa nne, na usiviweke karibu na hita, maana gundi ya soli huachia.