Hatunywi mvinyo: tutafanya nini Saint-Émilion?

SWALI: Binti yetu anayeishi Paris ametulipia, mimi na baba yake, siku mbili kwenye hoteli ndogo yenye spa huko Saint-Émilion, mwezi wa Septemba. Sisi ni Waislamu, mvinyo hatuugusi, na nasikia kijiji kizima kinaishi kwa mvinyo. Tena naona haya kukandwa na mtu nisiyemjua. Twende, au nimwambie adai hela yake?
Mama Z., Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Nendeni. Nilipokuwa nikiishi Bordeaux, mji wa Ufaransa ulio karibu na Saint-Émilion, nilikwenda kijiji hicho kila nilipopata nafasi, na mimi pia sinywi.

Nianze na hilo la haya. Iandikieni hoteli mapema kwamba unataka mkandaji mwanamke. Ni ombi la kawaida, hakuna atakayekushangaa. Utapewa joho la taulo, ndara na chupi ya karatasi. Mkandaji hutoka nje ukijitayarisha, kisha hufunua sehemu anayoikanda tu. Kwenye sauna na hamamu watu huvaa nguo za kuogelea, ila wanawake na wanaume huchanganyika. Kama unataka vazi la kufunika mwili mzima bwawani, kila hoteli ina sheria yake, kwa hiyo pata jibu kwa maandishi usije ukarudishwa mlangoni.

Wenyeji wa Bordeaux wana kitu chao ambacho nakuomba usikikose: kusuguliwa kwa mbegu za zabibu zilizosagwa, kisha kupakwa mafuta ya mbegu hizohizo. Kilivuma tangu 1999, ilipofunguliwa spa ya aina hiyo Martillac, kusini mwa mji. Mama, ukifumba macho utasema unasingwa! Chenga zinakwaruza begani, ngozi inapata moto, halafu yanakuja mafuta mepesi yanayonywewa na mwili papo hapo. Nilichokitamani ni harufu ya liwa tu.

Penye kuhitaji macho ni mezani. Nyama iliyoandikwa "à la bordelaise" mchuzi wake ni wa mvinyo, saladi hutiwa vipande vya nguruwe, na vile vikeki vya canelé, vitamu mno, vina ramu. Nilikula cha kwanza bila kujua, na mpaka leo kinaniuma. Semeni "sans alcool, sans porc", yaani bila pombe, bila nguruwe, kabla ya kuagiza. Maji ya bomba mezani ni bure, ombeni "une carafe d'eau", yaani jagi la maji. Tena msifike Jumapili jioni: niliwahi kufika siku hiyo, migahawa niliyoijaribu yote imefungwa, nikalala na ndizi moja.

Treni ya kasi ya Paris hadi Bordeaux ni mwendo wa saa mbili na kidogo, kisha mnapanda nyingine ndogo. Kituo cha Saint-Émilion kiko mbali kidogo na kijiji, waombeni hoteli iwafuate. Baba avae viatu visivyoteleza; vichochoro ni vya mawe na vina miteremko mikali, mvua ikinyesha ni hatari kwa magoti. Kanisa la chini limechongwa lote ndani ya mwamba, na linastahili kuonwa.

Septemba huwa ni mavuno. Mkishaswali alfajiri msirudi kulala. Tokeni mpaka ukingo wa kijiji, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mizabibu, msikie matrekta yakianza kuunguruma moja moja mabondeni.