Siku 2 zimekuwa 4 kabla hatujaondoka

Wiki hii mmeuliza safari gani tunaipanga na nini kimetufanya tubadili mpango. Mimi naishi Oslo, mwezi wa sita dada yangu anakuja kutoka Tanga, tumekodi kempavani, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, twende mpaka visiwa vya Lofoten.

Mwanzo nilipanga kama naenda Mwanza na basi. Oslo mpaka Bodø, mji wa bandari tunakopandia feri ya Lofoten, ni kama kilomita 1,200, nikasema siku 2 tumefika, nikaandika kwenye daftari mpaka saa za kula. Jirani yangu mmoja mzee aliyekuwa dereva wa malori akaliona, akachukua kalamu akakata ile 2 akaweka 4. Nilibisha kweli, ila nilivyoiangalia ramani nikamuelewa, maana nje ya miji spidi ya kawaida ni 80 tu, na kaskazini huko barabara ya E6 ni nyembamba, milima kila mahali, ukipata lori mbele yako unatulia nyuma yake. Kwa hiyo sasa tunalala Trondheim, tunapumzika kwenye milima ya Saltfjellet pale barabara inapovuka mstari wa Aktiki, ule ambao ukiuvuka kwenda kaskazini, kiangazi kuna siku jua halizami kabisa, halafu Bodø tunapanda feri zaidi ya masaa 3 hadi Moskenes, na ukishuka tu Å ipo karibu, kijiji cha herufi moja, ndo mwisho wa barabara ya E10.

Kitu kingine ni kulala. Watu wanasema Norwei unalala popote, jamani sio hivyo. Sheria ipo tangu 1957 ila ni ya mtu anayetembea kwa miguu na hema lake, akae mita 150 kutoka nyumba ya watu, na kwa kawaida asizidishe siku 2 bila ruhusa. Gari huwezi kuliingiza porini, unapaki panaporuhusiwa. Na choo kina tangi lake, linamwagwa kwenye vituo maalum tu, mimi vituo vyote vya njiani nimeshaviwekea alama kwenye ramani, maana mwaka jana nilikuta mtu kamwaga kwenye majani karibu na ufukwe ambao watoto wanaogelea, iliniuma sana, pale ni kwa watu.

Dada nimemuomba apunguze mizigo, leseni yangu ya daraja B mwisho kilo 3,500 gari likiwa na kila kitu ndani, ila mchele wa Kyela kasema hauachi.

Jana kapiga simu, "Sasa mdogo wangu, kama jua halizami tutajuaje muda wa kulala?" Leo nimenunua kitambaa kizito cheusi mita 4. Mapazia ya nyuma yapo, ninayoshona ni ya vioo vya dereva, na pembeni natia sumaku ili yashike kwenye bati. La kioo kikubwa cha mbele bado, nasubiri wenye gari wanitumie vipimo.