Jibu kwa mwenye meza 12 za hoteli Mikindani: usipokee advansi

Usipokee hiyo advansi ya mwenye hoteli. Kama umeshaipokea, usiiguse.

Nimesoma uzi wote mpaka hapa. Kila mtu anakusifia picha, na wewe unauliza upange bei gani, upige vipi picha za kuuzia, uzuieje watu wasikuibie mchoro, na kama ufungue kampuni kabisa. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza mbao zimekauka lini. Umeandika mwenyewe: meza 12 za kulia chakula, juu mninga uliounganishwa kwa gundi, ukazungushiwa fremu ya mkongo yenye pembe za nyuzi 45, mbao zimeshuka kutoka Liwale wiki iliyopita, na mwenye hoteli anazitaka kabla ya Desemba. Meza hiyo naijua, mdogo wangu. Nilitengeneza zinazofanana nayo hapa hapa Mtwara, zikaenda Dodoma, zikanirudia.

Zilipotoka karakana kule Chuno ukipitisha ukucha kwenye kiungo hausikii kitu. Vanishi inang'aa, mteja amefurahi, picha nimeshazirusha. Zikawekwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Kiangazi hakijaisha napigiwa simu naambiwa meza zinalia usiku. Nilidhani nataniwa. Nilipofika nikakuta ufa umeanzia kichwani mwa ubao, umefuata mkondo wa mti mpaka katikati. Kwenye pembe za fremu, kadi ya benki inazama. Upande mmoja ubao wa juu umejichomoa kabisa kwenye fremu, na ule mwanya ulikuwa umeshajaa makombo ya chapati. Mteja hakugomba hata kidogo, aliniambia tu, “Fundi, chukua vitu vyako.” Nikarudisha hela yote, nikalipa lori la kwenda kuzichukua, na msimu mzima wa korosho, wakati watu wa huku ndipo wana hela ya kununua samani, mimi nilikuwa nalipa deni la mbao.

Aliyenifikisha pale ni mwalimu wa kozi ya kulipia mtandaoni. Mpaka leo anawafundisha vijana hivyo hivyo: chora, tengeneza picha ya kompyuta, mpelekee mteja, chukua hela, halafu ndiyo utafute namna ya kutengeneza. Anasema ndivyo wabunifu wa Ulaya wanavyofanya kazi. Uongo mtupu, na unanikera kwa sababu unawamaliza watoto wenye vipaji kweli. Hans Wegner, yule wa Denmaki aliyebuni kiti cha CH24 mwaka 1949, alijifunza useremala kabla ya kusomea ubunifu. Na mbunifu wa huko anayepeleka mchoro kiwandani, anaupeleka mahali penye tanuri la kukaushia mbao na mafundi wa kumtengenezea kitu cha kwanza cha majaribio. Sisi huku tanuri letu ni jua na subira. Mwalimu hilo hakulisema, ada alichukua.

Wa pili ni muuza mbao aliyegonga ubao kwa kiganja akaniambia, “Sikia mlio huo, kavu hii.” Kiganja hakipimi maji! Na kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, kinakuambia mbao ni halali, hakikuambii imekauka.

Sasa elewa kwa nini mbao mbichi inadanganya. Ubao uliotoka kupasuliwa unaweza kupoteza maji mengi bila kusinyaa. Kusinyaa kunaanza maji yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, ndiyo maana karakanani unanyooka, unakubali randa, unakaa kimya. Ukishashuka hapo unaanza kupungua upana, wakati urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Mninga ni mti mtulivu kuliko mingi, nakubali, lakini utulivu huo ni wa mninga mkavu. Ukiubana mbichi kwa gundi pande zote nne ndani ya fremu, unataka kupungua na hauna pa kwenda. Utapasuka wenyewe au utaivunja fremu. Mikindani kuna unyevu wa bahari, kwa hiyo pengine ungechelewa kuyaona. Ila ukumbi wa hoteli nao utawekwa kiyoyozi siku moja.

Kuna jambo jingine kwenye picha yako ambalo halihusiani na maji. Vipimo ulivyoweka: meza ina kimo cha sentimita 75, ubao wa juu una unene wa 4, na ile mbao ya pembeni chini yake inashuka 18. Inabaki 53 kutoka sakafuni. Kiti chako kina kimo cha 45. Mgeni anabakiwa na sentimita 8 za kupitisha paja. Haliingii. Kwenye picha hakuna mtu aliyekaa, ndiyo maana hakuna aliyeona.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja tu: tengeneza meza moja, kwa vipimo kamili, kwa mbao ile ile, ikae nyumbani kwako mvua na kiangazi, ndipo upokee oda ya pili yake. Iweke mnapolia. Watoto waimwagie chai, shemeji aiegemee, ihamishwe siku ya kufagia. Bei uliyouliza itatoka hapo hapo, maana utajua mbao ngapi zimetupwa, vanishi kiasi gani, siku ngapi za msasa. Mwambie mwenye hoteli ukweli huo. Akikataa kusubiri, aende kwa mwingine. Inauma, lakini kurudisha hela iliyokwishaliwa inauma zaidi.

Wakati unasubiri, zipange hizo mbao chini ya paa, uweke vijiti katikati ya kila tabaka hewa ipite, na vichwa vya mbao uvipake rangi ya mafuta, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi vichwani na ndiko nyufa zinakoanzia. Halafu kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao mmoja, usikate mwishoni. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Mpe jirani mwenye tanuri la mikate akiweke likiwa limepoa hadi nyuzi joto 100 hivi, kisiungue, ukipime tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kikitoka gramu 500 kikagomea 400, maji yalikuwa 100 juu ya 400, yaani asilimia 25. Hiyo ni mbichi. Meza ya ndani inataka kumi na kitu, na ya kiyoyozi karibu na 10.

Na hata ikikauka, ile fremu ya kubana pande nne iache. Ubao wa juu ushikwe na skrubu kutoka chini, kwenye matundu marefu badala ya ya mviringo, ili upate nafasi ya kutanuka masika na kusinyaa kiangazi.

Kata kipande kesho asubuhi, uzito wake ulete hapa hapa, na uzito wa baada ya tanuri pia. Nitapiga hesabu na wewe.