Kabla hujamnunulia mtoto wa P7 karatasi nyingine

Muhula wa pili ukikaribia kwisha, biashara ya karatasi za mitihani hushamiri hapa Busia, Uganda, mpakani na Kenya. Kila shule ina seti zake, kila mwalimu ana rafiki yake Kampala anayemtumia seti za "shule kubwa", na mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba (P7) hununua tu, maana hakuna anayetaka kulaumiwa matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yatakapotoka. Nimefundisha P7 kwa miaka mingi, na jioni hukaa barazani kwangu na watoto wa majirani. Ushauri wangu ni kwamba uache kununua kwanza. Tafuta karatasi ambazo mtoto amekwisha kuzifanya, zenye kalamu nyekundu, zilizokunjwa chini ya godoro au zinazongoja kufungiwa mandazi, mkae nazo.

Karatasi mpya itakuambia tena kile ulichokijua juzi, kwamba mtoto anapata 58 za hesabu. Iliyosahihishwa itakuonyesha zile 42 zilikokwenda, na huko ndiko kwenye kazi.

Njia ninayotumia inamfaa hata mzazi ambaye mwenyewe hakufika darasa la saba. Mtoto ashike penseli, apitie kosa moja moja, na kando ya kila kosa aandike herufi: H kama jibu hakulijua kabisa, S kama swali lenyewe hakulisoma vizuri au hakulielewa, A kama jibu alikuwa nalo ila aliliandika ovyo. Aandike yeye, si wewe. Kazi yako ni kumuuliza tu, "Una hakika hii ni H?"

Mama mmoja muuza samaki aliwahi kunijia amekasirika. "Mwalimu, huyu mtoto hajui kitu." Tukampa binti penseli. Alipomaliza, H zilikuwa chache kuliko S na A zikijumlishwa. Nikamuuliza mama kama bado mtoto hajui kitu. Akamgeukia binti: "Kumbe unajua, unanitia hasara makusudi?" Basi, tulianzia hapo. Na hali hiyo naikuta kwa watoto wengi, hata wale wanaoitwa wazito.

H sina mengi ya kusema juu yake. Asichokijua atakisoma. Kumbuka tu kwamba PLE haiulizi ya darasa la saba peke yake. Katika Maarifa ya Jamii, P7 ni bara la Afrika, P6 ni Afrika Mashariki, P5 ni Uganda, na P4 ni wilaya yako mwenyewe, na vyote huulizwa. Mara nyingi H za mtoto hurundikana kwenye darasa moja alilolipita vibaya, labda mwaka aliougua au aliohama shule. Azima kitabu cha darasa hilo kwa jirani. Usiende kununua cha P7 kingine.

S ndiyo inayotumaliza. Mtihani wote huandikwa kwa Kiingereza, na watoto wetu hapa mpakani hurudi nyumbani kwenye Kiswahili, Kisamia, Kiteso au Kiganda. Swali la sayansi linauliza kwa nini mkulima hutandaza nyasi kavu kwenye shina la mgomba. Mtoto anaeleza jinsi nyasi zinavyotandazwa. Anajua kwamba nyasi hutunza unyevu na kuzuia magugu, ukimuuliza atakuambia bila kusita, lakini alama imekwenda. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yenyewe husema karibu kila mwaka, inapotoa matokeo, kwamba watahiniwa hujikwaa kwenye maswali ya kutumia maarifa kuliko yale ya kukumbuka tu. Sishangai. Tumewakaririsha majibu, hatukuwafundisha kusikiliza swali.

Shule nyingi humkemea mtoto akisema lugha ya nyumbani. Barazani kwangu ni kinyume. Nasoma swali mara moja, karatasi inafunikwa, halafu namwambia, "Niambie kwa Kiswahili, hawa watu wanataka nini?" Akishindwa kusema, nimejua kwamba tatizo si sayansi. Akisema, ananijibu kwa Kiswahili kwanza, kisha anaandika jibu hilohilo kwa Kiingereza, kwa ufupi, kwa sababu msahihishaji hatapokea Kiswahili. Fanyeni maswali kumi kwa jioni. Matano yakieleweka vizuri pia yanatosha. Mzazi anayepika anaweza kulifanya zoezi hili huku akikoroga posho (ugali), na kama husomi Kiingereza, mtoto mwenyewe asome swali kisha akueleze wewe. Kuna watoto walioanza kuelewa mtihani walipolazimika kumweleza bibi yao.

Saa ni mtego mwingine wa S. Kwetu saa nane mchana ni saa nane. Kwenye karatasi ya hesabu ni 14:00. Mtoto amefundishwa kwamba mchana huongezwa 12, basi anachukua nane yake ya nyumbani, anaongeza 12, anapata 20:00, na basi lililoondoka mchana linakuwa limeondoka usiku. Kila hatua inayofuata ameifanya sawasawa, ila jibu ni la uongo. Dawa yake ni simu. Iweke isomeke kwa saa 24, na kila siku muulize saa kwa Kiswahili huku yeye akiitamka kama ya mtihani. Baada ya majuma machache hahitaji hata kufikiri.

Hesabu za kubadilisha pesa, hizo watoto wa Busia wana bahati nazo na hawajui. Wanapita kila siku mbele ya vijana walioshika mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda. Swali la mtihani huwa na jedwali lenye safu mbili, kununua na kuuza, na mtoto huchagua safu kwa kubahatisha. Mpeleke kwa kijana wa pesa, asimame asikilize. Mwambie anayenunua na anayeuza kwenye jedwali siku zote ni benki, si wewe. Tuseme benki inanunua shilingi moja ya Kenya kwa 28 na kuiuza kwa 29. Ukileta 5,000 za Kenya, benki inanunua kutoka kwako: 5,000 mara 28, unapewa 140,000 za Uganda. Ukileta 290,000 za Uganda ukitaka za Kenya, benki inakuuzia: gawanya kwa 29, unapata 10,000. Mtoto akiuliza kwa nini benki haitumii bei moja, mjibu kwamba hiyo 1 iliyobaki ndiyo inayomlisha yule kijana. Hatasahau tena.

Na sayansi ya mashine sahili imejaa mpakani palepale. Ubao ulioegemezwa kwenye lori ili magunia yapandishwe, toroli ambalo mzigo wake uko katikati ya gurudumu na mikono ya msukumaji: hayo ni maswali ya PLE yanayotembea barabarani.

Tuje kwenye A. Karatasi ya PLE ndiyo hiyohiyo ya kujibia, nafasi imeachwa chini ya swali. Mtoto aliyezoea daftari huandika aya nzima kwenye mstari mmoja, herufi zikabanana hadi hazisomeki, na maelekezo ya ukurasa wa kwanza yanasema wazi kwamba mwandiko usiosomeka na kufutafuta kusiko na sababu hupoteza alama. Majibu ni kwa wino wa bluu au mweusi. Penseli ni ya michoro, ramani na grafu. Msome ukurasa ule wa kwanza pamoja mara kadhaa kabla ya Novemba. Watoto huuruka kama tangazo la biashara.

Hesabu ina maswali 32: ishirini ya kwanza yana alama mbili kila moja, na kumi na mawili ya mwisho yanagawana 60, yote kwa saa mbili na nusu. Njia lazima ionekane, hata ile aliyoifanya kichwani. Watoto wepesi ndio wakaidi hapa. Wanaona aibu kuandika hatua ndogo. Mkumbushe kwamba jibu likikosewa, alama zinazoweza kuokolewa ziko kwenye njia. Tena kagua bikari yake. Skurubu ikilegea, upana unabadilika katikati ya kuchora, na pembe ya 60 inakuwa kitu kingine. Nimeona bikari za bei rahisi zikiwaliza watoto waliojua kuchora.

Maarifa ya Jamii ina lake. Maswali ya 51 hadi 55 ni ya dini, na kila moja lina upande wa Ukristo na upande wa Uislamu. Mtoto huchagua upande mmoja kwa kila swali. Akijibu pande zote mbili za swali moja, hapati kitu katika swali hilo. Wapo wanaojibu zote wakidhani wanajiongezea, hasa watoto wa nyumba zenye dini mbili, na huku kwetu nyumba hizo si chache.

Wazazi wengi huniuliza juu ya agrigeti 4 (agrigeti ni jumla ya madaraja ya masomo yote manne), kama vile ndiyo pekee iliyopo. Divisheni ya kwanza huanzia 4 hadi 12. Kila somo hupewa daraja kuanzia 1, lililo bora, hadi 9, na manne yanajumlishwa. Kwa hiyo kumtoa mtoto kwenye 6 ya Kiingereza hadi 4 ni faida ileile ya kumtoa kwenye 3 ya hesabu hadi 1, na ya kwanza ni rahisi zaidi. Lakini mzazi humlipia masomo ya ziada ya hesabu kwa sababu mtoto "ni wa hesabu". Zipeleke jioni zako kwenye somo bovu.

Kuhusu kuwaamsha saa kumi za usiku wasome, sikubaliani nako, hata shule nzuri zikifanya. Mtoto wa miaka 12 anayesinzia saa tano asubuhi hajasoma kitu tangu saa kumi.

Wiki ya mtihani, simu za wazazi hujaa karatasi zinazodaiwa kuvuja. Zifute. Nyingi ni utapeli, na sheria ya UNEB ya 2021 ina kifungo kwa wanaohusika na mtihani wa kweli uliovuja. Tena UNEB huzuia au kufuta matokeo, na anayeumia ni mtoto.

Siku ya kwanza ni hesabu asubuhi, Maarifa ya Jamii mchana. Siku ya pili ni sayansi, kisha Kiingereza. Mapumziko ya katikati ndiyo ya hatari, kwa sababu mmoja atasema swali fulani jibu ni 45 na wenzake watakosa raha hadi jioni. Wangu nimewakataza kuulizana majibu siku hizo mbili. Wale chakula walichokizoea, wanywe maji, wakae kivulini. Wakitaka kubishana juu ya swali la 27, watabishana mtihani ukiisha.