Maswali ya Wasomaji: EPANET, Python na presha ya chini ya sifuri

SWALI: Assalaam alaikum. Nimechora mtandao wa maji wa shehia yetu kwa EPANET, programu ya kukokotoa mtiririko na presha ya maji kwenye mabomba: kisima kimoja, tangi la juu na mabomba 46. Nataka kuuendesha kwa Python ili nijaribu saa mbalimbali za kuwasha pampu. Kila nikiita epanet2.dll, faili lenye injini ya EPANET, napata WinError 193. Nimeshaifuta na kuiweka upya mara tatu.
*Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaikumu salaam. Usiiweke tena, maana hakuna kilichoharibika. Python yako ni ya biti 64 na hiyo dll ni ya biti 32. Haziwezi kukaa chungu kimoja. Dll ya toleo la zamani, 2.00.12, ni ya biti 32. Ijue Python yako kwa amri hii:

`python -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"`

Unaweza kutafuta dll ya biti 64, lakini kwa kazi yako tungeiacha njia hiyo kabisa na kutumia WNTR, maktaba ya Python ya Sandia National Laboratories na EPA, shirika la mazingira la Marekani, lile lile lililotoa EPANET. Inakuja na injini ya EPANET ndani yake, na faili lako la .inp, lile lenye mtandao uliochora, inalisoma kama lilivyo.

Fungua Command Prompt, si PowerShell, kwa sababu PowerShell mara nyingi hukataa kuendesha skripti ya kuwasha mazingira, yaani folda ya Python ya kazi hii pekee. Kisha:

`python -m venv maji`
`maji\Scripts\activate`
`pip install wntr`

Jina *maji* likitokea kwenye mabano mwanzoni mwa mstari, umo ndani. Ukiona pip, kisakinishi cha Python, inadai Microsoft Visual C++, usianze kupakua magigabaiti ya Microsoft. Mara nyingi maana yake Python yako ni mpya mno na vifurushi vyake havijatoka; rudi toleo moja au mawili nyuma.

Bando likiwa dogo, nenda penye Wi-Fi na kompyuta yenye Windows na toleo lile lile la Python, uandike `pip download wntr -d vifurushi`. Chukua folda hiyo kwa fleshi, kisha nyumbani: `pip install --no-index --find-links=vifurushi wntr`. Matoleo ya Python yakitofautiana, numpy na scipy, maktaba ambazo WNTR inazitegemea, zitagoma.

Jaribu kwanza mtandao wa tangi moja, bomba moja na nodi moja (sehemu mabomba yanapokutana au maji yanapotolewa). Huo ukikubali na wa mabomba 46 ukagoma, kosa limo kwenye faili lako: namba 233 ni nodi isiyounganishwa na bomba, 224 ni mtandao usio na tangi wala chanzo.

SWALI: Programu imekubali, lakini mahitaji niliyoandika 0.5 yanatoka 0.0005, na nyumba za mwisho wa laini zinaonesha presha ya mita -14. Kwetu maji ni ya mgao.
*Msomaji, Bububu*

JIBU: Hilo la kwanza si kosa. Faili lako linatumia lita kwa sekunde, WNTR hugeuza kila kitu kuwa mita na mita za ujazo kwa sekunde. Zidisha kwa 1,000.

La pili ndilo zito. EPANET ya kawaida humpa kila mteja maji aliyoandikiwa, yawepo yasiwepo, kisha hutoa presha ya ajabu ili hesabu itimie. Iambie programu impe mteja maji kadiri ya presha aliyonayo (*wn* ni mtandao wako uliosomwa na WNTR, *PDD* ni mahitaji yanayofuata presha):

`wn.options.hydraulic.demand_model = 'PDD'`
`wn.options.hydraulic.required_pressure = 10`

Mstari wa pili usiuache, kwani thamani ya awali iko karibu na sifuri na haitabadilisha kitu cha maana. Kwa mita 10, mwenye presha ya mita 2.5 atapata nusu ya haja yake.

Tazama na vipenyo. Bomba la plastiki linaloitwa 90 mm ni 90 kwa nje. La PE100 (aina ya plastiki) PN10 (daraja la presha) ndani lina 79.2. Ukiandika 90, upotevu wa presha unaokokotolewa ni kama nusu tu ya ule halisi.

Na mgao una mambo yake. Nyumba inayotumia lita 600 kwa siku, ukizigawa kwa saa 24, inavuta lita 0.007 kwa sekunde. Maji yakitoka saa tatu tu, simtanki la juu linazivuta zote humo: lita 0.056, mara nane zaidi. Rekebisha hivyo patani yako ya mahitaji, yaani yanavyobadilika saa hadi saa, la sivyo mtandao utaonekana mzima na wa mwisho wa laini mfereji wake mkavu. Dakika za mwanzo baada ya vali kufunguliwa usiziamini hata kidogo: EPANET huchukulia kuwa mabomba yamejaa tayari, wakati yako yanatoa upepo.

SWALI: Nikiandika `import wntr` naambiwa haina *network*. Jana ilikubali!
*Mwanafunzi, Tunguu*

JIBU: Skripti yako umeiita wntr.py, na Python inaisoma hiyo badala ya maktaba. Ibadilishe jina.