Mkojo, Damu na Wembe wa Kinyozi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba katika Uingereza ya wafalme wa ukoo wa Tudor (1485–1603) mgonjwa alitolewa damu hata akiwa hoi. Walikuwa na sababu gani?

JIBU: Sababu ilikuwepo, na kwa mantiki ya zama zile haikuwa ya kipuuzi. Matabibu walishikilia mafundisho ya Wagiriki wa kale kwamba mwili una majimaji ya aina nne, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba maradhi huzuka pale aina moja inapozidi nyingine. Hivyo homa, iliyodhaniwa kuwa ni wingi wa damu, ilitibiwa kwa kuchanja mshipa wa mkono na kukinga damu bakulini. Kabla ya hapo tabibu aliinua chupa ya mkojo kwenye mwanga, akachunguza rangi na mashapo yake, na wapo waliouonja. Kukata hakukuwa kazi yake: waliokata ni wapasuaji na vinyozi, waliounganishwa katika chama kimoja mwaka 1540, enzi za Henry VIII. Hata hivyo, mbele ya ugonjwa wa jasho, uliozuka mwaka 1485 na kuua watu ndani ya saa chache, hakuna tiba iliyofua dafu, ulitoweka wenyewe baada ya mlipuko wa mwaka 1551.