Mgodi wa chumvi wa Wieliczka: upe siku yake

Ukizunguka katikati ya mji wa Kraków, kusini mwa Poland, hutembei mitaa miwili bila kukutana na kibanda kinachouza safari za siku moja. Karibu vyote vinauza safari zilezile mbili: kambi ya Auschwitz, ambako Wanazi waliua watu wengi wakati wa vita ya pili ya dunia, na mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Muuzaji akikuona unasitasita atakushawishi uchukue zote mbili kwa siku moja, asubuhi huku, mchana kule, bei nafuu. Kama una haraka na hutafika mwisho wa makala hii, chukua neno hili tu: usikubali.

Uchovu ni sababu mojawapo. Auschwitz iko magharibi, zaidi ya kilomita 60 kutoka Kraków, na Wieliczka iko kusini-mashariki, kama kilomita 15, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku inaishia ndani ya basi dogo. Ila sababu kubwa ni moyo. Mtu aliyetoka kuangalia rundo la viatu vya watu waliouawa hawezi, saa mbili baadaye, kusimama akichekelea sanamu za vibwengo zilizochongwa kwenye chumvi. Nao mgodi una sehemu yake katika vita ile: mwaka 1944 Wajerumani walitaka kuugeuza kuwa kiwanda cha vipuri vya ndege, wakaleta wafungwa Wayahudi wafanye kazi humo chini. Habari hiyo hutajwa kwa dakika chache tu wakati wa matembezi. Ukiwa na kichwa kilichochoka inakupita.

Jambo la pili ni pesa. Mgodini hakuna anayeruhusiwa kushuka peke yake. Tiketi ya kawaida ya njia ya watalii tayari ina mwongozaji wa mgodi ndani yake, na huyo ndiye atakayekutembeza. Kwa hiyo ile "safari yenye mwongozaji" inayouzwa mjini mara nyingi ni kiti cha gari tu, pamoja na mtu wa kukufikisha getini na kukusubiri nje. Nenda stesheni kuu, Kraków Główny, panda treni ya Wieliczka, ushuke kituo cha mwisho kinachoitwa Wieliczka Rynek-Kopalnia. Safari haifiki nusu saa, na kutoka hapo unatembea dakika chache. Treni hizo huanzia uwanja wa ndege, wala huna haja ya teksi. Kuna pia basi la mji, namba 304. Wakala nisimseme vibaya moja kwa moja: ukiwa na watoto wadogo, au ukifika kiangazi ukakuta tiketi za lugha yako zimekwisha, huenda yeye ndiye atakayekuokoa.

Tiketi nunua mapema kwenye tovuti ya mgodi wenyewe, ukichagua saa na lugha. Kiswahili hakipo. Kiingereza kina saa nyingi kuliko lugha nyingine za kigeni, na wenzetu wa Bujumbura na Bukavu wanaopendelea Kifaransa waangalie ratiba vizuri, maana saa zake ni chache. Anayetoka Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani au Ubelgiji, hicho kinatosha kwa ziara. Na Poland haitumii yuro, inatumia złoty.

Sasa magoti.

Mwanzo wa njia ya watalii ni ngazi za mbao zinazoteremka ndani ya shimo la Daniłowicz, lililochimbwa karne ya 17. Ni ngazi kama 380 hadi kufika ghorofa ya kwanza ya mgodi, mita 64 chini ya ardhi. Zinakwenda vipande vifupi vifupi, unageuka, unashuka, unageuka tena, mpaka kichwa kinaanza kuzunguka. Ukijumlisha na zile za mbele unafikia ngazi kama 800, na mwendo wa zaidi ya kilomita tatu. Kurudi juu ni kwa lifti, kwa hiyo wengi husema "aa, ni kushuka tu". Waulize wenye magoti mabovu: kushuka ndiko kunakouma.

Nilimpeleka shangazi yangu, mama wa Ujiji aliyekuja kututembelea Berlin, na jambo la kwanza tulilokubaliana ni mwendo. "Mwanangu, wewe tangulia, mimi nitafika," akaniambia. Lakini kundi haligawanyiki. Mwongozaji hufunga mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine kwa sababu ya mfumo wa hewa, na wanaochelewa huwachelewesha watu zaidi ya thelathini. Dawa yake ni kumsogelea mwongozaji na kumweleza kabla ya kuanza kushuka. Wetu alimweka shangazi mbele kabisa, akawa yeye ndiye mwenye kupima mwendo wa kundi zima. Mtu asiyeweza ngazi kabisa kuna utaratibu wa kumshusha kwa lifti, ila lazima upangwe na mgodi mapema. Usitegemee huruma ya mlangoni.

Vaa viatu vilivyofungwa na sweta jepesi. Huko chini ni nyuzi 17 au 18 mwaka mzima, hata juu kukiwa na theluji. Begi liwe dogo. Nenda msalani kabla ya kuingia. Kwa wanaoogopa sehemu finyu: njia zenyewe ni pana, na baadhi ya vyumba ni vikubwa kuliko ukumbi wa harusi. Kinachobana ni lifti ya kurudi, kizimba cha wachimbaji, chenye giza na watu waliosongamana. Lakini inapanda haraka, haichoshi kama ngazi.

Wengi hushangaa rangi. Tumezoea chumvi nyeupe, na ya Wieliczka ni ya kijivu iliyokolea. Kuta utadhani saruji. Waongozaji hukuruhusu kuonja ukuta kwa ulimi. Shangazi hakuonja ("wangapi wamelamba hapo?"), akachukua punje iliyodondoka sakafuni, akaipangusa, akaiweka mdomoni. Akatikisa kichwa kama mtu anayeijua.

Na kweli anaijua. Kwetu Kigoma chumvi ni Uvinza, maji ya chemchemi ya chumvi yanayochemshwa mpaka yakauke. Wieliczka walianza hivyohivyo. Maelfu ya miaka kabla ya mgodi watu wa pale walichota maji ya chumvi juu ya ardhi wakayachemsha, na ni karne ya 13 tu, wakifuata chemchemi chini, walipokuta mwamba wa chumvi yenyewe. Hekaya ya Mtakatifu Kinga, binti wa mfalme wa Hungary aliyetupa pete yake kwenye mgodi wa kwao na ikaonekana ndani ya bonge la kwanza la chumvi huku Poland, utaisikia na utaiona imechongwa. Nzuri, lakini shangazi aliuliza swali lililonipendeza zaidi: "Kuni walizitoa wapi?" Mwongozaji alicheka, kisha akamjibu kwa muda mrefu. Misitu ya jirani ililiwa, kwanza kwa kuchemshia, baadaye kwa magogo ya kuzuia dari lisianguke. Utayaona magogo hayo kwenye chumba cha Michałowice, yamepangwa na kupandishana hadi juu, yamepakwa chokaa ili yarudishe mwanga wa taa. Chumvi imeyahifadhi, mengine yamekuwa magumu ajabu.

Ndiyo maana nasema usiende kwa ajili ya kanisa la chumvi lililo humo chini peke yake. Vipeperushi vyote vina picha ya kanisa, na makundi mengine hukimbizwa kuelekea huko kana kwamba yaliyo kabla yake ni korido tu. Kumbe kilichoujenga ufalme wa Poland kiko kwenye hizo korido. Wakati wa Mfalme Kazimierz Mkuu, karne ya 14, karibu theluthi moja ya mapato ya hazina ilitoka kwenye chumvi. Chumvi ilikuwa friji ya wakati ule: bila hiyo hakuna nyama wala samaki wa kuvusha majira ya baridi.

Mwulize mwongozaji habari za maji. Maji ndiyo yaliyouzaa mgodi huu, na ndiyo yanayotaka kuuua. Chumvi huyeyuka, na mgodi una mahandaki ya zaidi ya kilomita 240 kwenye ghorofa tisa, la chini kabisa likiwa mita 327. Maji ya juu yakipata upenyo yanakula nguzo kimyakimya. Mwaka 1992 yalipasua njia moja na kuingia na mchanga; ardhi ya mji ikatitia, reli ikaharibika, na nyumba ya watawa iliyo jirani ikawa hatarini. Miaka minne baadaye uchimbaji wa kibiashara ulikoma. Kazi ya wachimbaji walioko leo ni kuulinda mgodi: kusukuma maji, kuimarisha vyumba, kujaza vile visivyoweza kuokolewa. Maji yanayotolewa hayawezi kumwagwa mtoni yakiwa na chumvi hivyo, kwa hiyo yanakaushwa, na chumvi inayobaki inauzwa. Wamerudi walipoanza.

Hata pumzi zetu ni tatizo. UNESCO iliuweka mgodi kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, kati ya maeneo 12 ya kwanza kabisa. Mwaka 1989 ikauweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu unyevu ulikuwa unazila sanamu, ukatolewa humo mwaka 1998 baada ya mashine za kukausha hewa kufungwa. Ukiona sanamu haina pua, maji ya hewani ndiyo yaliyoichukua.

Sehemu nyingine ya kusimama ni kwenye mashine kubwa za mbao zilizozungushwa na farasi kupandishia chumvi. Farasi walifanya kazi huko chini kwa karne nyingi, wengine bila kurudi juu. Wa mwisho, jike aitwaye Baśka, alitolewa mwaka 2002. Hapo napo utasikia habari za wale waliotambaa na mienge juu ya fito ndefu, nguo zikiwa zimeloweshwa, wakiunguza gesi ya methani kabla haijakusanyika ikalipuka. Kazi hiyo haikuwa na wazee wengi.

Kisha, ndiyo, kanisa la Mtakatifu Kinga. Liko mita 101 chini, lina urefu wa mita 54, na kila kitu humo ni chumvi: sakafu iliyochongwa ionekane ya vigae, altare, fuwele za thurea zinazoning'inia. Lilianzwa mwaka 1896, na kazi kubwa ni ya watu watatu waliopokezana kwa zaidi ya miaka 60, ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski, kisha Antoni Wyrodek. Walikuwa wachimbaji. Angalia Karamu ya Mwisho ya Wyrodek ukutani: sogea pembeni uone jinsi ilivyo nyembamba, halafu rudi mbele uone inavyokudanganya kuwa ni chumba kirefu. Misa husomwa humo mpaka leo. Shangazi ni Mwislamu, alikaa kwenye ubao akapumzisha miguu na kuangalia. Hakuna aliyemtaka afanye chochote. Mpe kila mwenzako nafasi yake hapo, na usimruhusu mwongozaji akuondoe mapema. Mwombe dakika tano, aghalabu hukubali.

Chakula kinapatikana hukohuko chini, mita 125. Kwa wasiokula nguruwe: supu ya żurek kwa kawaida ina soseji, acha. Pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye kitu ndani, yapo ya viazi na jibini au ya kabichi na uyoga, lakini uliza kama juu yake watamwaga mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa, maana wengi hufanya hivyo bila kutaja. Waambie waweke siagi.

Wapolandi wakisikia unatoka Tanzania, usishangae mzee akikutajia Tengeru. Wakimbizi wao wa vita ya pili ya dunia, maelfu, walioishi karibu na Arusha, wameacha makaburi pale. Mazungumzo yetu marefu kuliko yote siku ile yalianzia hapo, tukiwa kwenye foleni ya lifti.

Njia ya watalii ikiisha mwongozaji atawauliza nani anataka kuendelea na jumba la makumbusho lililo humohumo chini. Kundi kubwa huondoka. Kama miguu bado ipo, baki, maana zana na ramani za zamani ziko huko na watu ni wachache. Usipoweza, panda juu ukakae kwenye mnara wa vijiti wanaoutiririshia maji ya chumvi ili watu wavute hewa yake. Shangazi ndipo alipotusubiri.

Mwenye nguvu na asiyependa kutembezwa kama kundi la mbuzi achague njia ya wachimbaji badala ya ile ya watalii. Unavalishwa ovaroli, helmeti na taa, unashuka kwa lifti kupitia shimo la Regis, na unapewa kazi ndogondogo. Kanisa hulioni kwa njia hiyo. Na mwenye watoto wanaochoka na maelezo aangalie Bochnia, mashariki zaidi, mgodi dada ulioingizwa UNESCO mwaka 2013: kuna treni ndogo chini ya ardhi, mtumbwi wa kuvuka maji ya chumvi, mtelezo wa mita 140, na unaweza hata kulala humo usiku kucha. Kwenda huko nako ni treni kutoka stesheni ileile ya Kraków.